Namba Mbili na L Chini ya Plasta

Wadogo zangu wa gereji, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na daftari tupu. Saa nimeitundika. Daftari mke wangu alitaka kuandikia hesabu za sukari, nikamwahi, kwa sababu mlisema niandike niliyoyaona miaka yote niliyoshika usukani. Kuhusu vyeo sina la kusema: nilianza dereva, nikamaliza dereva, na katikati nilipewa kofia yenye nembo. Mshahara nao tuuache ulale.

Nimestaafu miezi mitatu sasa. Bado naamka alfajiri, nasali, kisha natoka uani kwenda kukagua maji ya rejeta ya gari ambalo sina. Mke wangu hucheka mpaka anashika ukuta.

Kati ya maswali mliyoniuliza nachagua la Idi, aliyeajiriwa mwaka jana na ambaye anaendesha vizuri kuliko anavyosikiliza. Alinifuata langoni akasema, "Papa Saidi, iyi gari ni otomatike. Izi 2 na L ziko za nini? Mi naweka D, inaenda." Idi, jibu lako hili hapa. Ni refu, kwa hiyo kaa.

Nilijifunza gari Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, kwa Fundi Ramazani. Gereji yake ilikuwa ua wa nyumba yake, na mafuta machafu yalikuwa yameingia ardhini kiasi kwamba kuku wake walitembea wakiteleza. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya kunong'ona. Hakumpigia mtu kelele hata siku moja. Ukikosea alivua kofia yake ya kufuma, akaiweka juu ya boneti, akakutazama, na wewe ukajua siku yako imeharibika. Mimi ile kofia niliiona juu ya boneti mara nyingi.

"Kupanda ni kazi ya gari," aliniambia wiki ya kwanza. "Kushuka ni kazi yako we. Kilima umepanda na ya pili, shuka na ya pili. Freni ni ya kusimamisha gari, si ya kushukia."

Maana yake ni hii. Breki ukizikanyaga mteremko mzima zinapata moto, zikipata moto zinalegea, na mguu wako unabaki unakanyaga hewa. Lakini ukiwa kwenye gia ndogo, injini yenyewe inalizuia gari lisikimbie, na breki zinabaki baridi zikikungoja siku ya shida. Niliishika kanuni hiyo miaka mingi. Kisha vita vikaja, na vikwazo vikafuata, mazutu, yaani dizeli, yakawa adimu, na sisi madereva wa Bujumbura tukabuni ufundi wetu wa kipumbavu. Ukifika juu ya kilima, unaweka gia huru, unaliachia gari lijiteremkie lenyewe kama zile baiskeli za ndizi zinazoshuka mjini. Hapo mafuta hayaliwi. Tulishindana kabisa, na aliyefika bonde la chini akiwa na mafuta mengi zaidi tangini ndiye aliyekuwa mwanamume. Nami nilikuwa mwanamume kuliko wote, Mungu anisamehe.

Wakati huo niliendesha magari ya shirika moja la afya lililokuwa na vituo vyake kwenye vilima vya juu ya Kanyosha. Njia za kule ni udongo mwekundu, upande mmoja ukuta wa kilima, upande mwingine hakuna kitu. Siku moja tukaletewa gari jeupe la magurudumu manne yanayovuta, limetumika nchi nyingine, na ndani yake halina klachi. Mtaa mzima wa Buyenzi ulipata habari kabla sijafika nyumbani. "Saidi sasa haendeshi," wakasema kwenye kahawa, "Saidi anaendeshwa."

Siku ya kwanza nilimchukua Mama Noela, muuguzi wetu, mama wa Kikongo kutoka upande wa Uvira, mnene, mcheshi, na asiyeogopa mtu. Kwenye makutano ya kwanza mguu wangu wa kushoto ukatafuta klachi kwa mazoea. Haukuikuta, ukakuta pedali ya breki, pana kama sahani, ukaikanyaga kwa nguvu zake zote. Mama Noela akaenda mbele na kapu lake la mihogo, akarudi bila mihogo.

"Papa Saidi," akasema huku akiiokota sakafuni, "kama hunitaki, sema tu. Usiniue."

Dawa yake alinipa Fundi Ramazani: vua kiatu cha kushoto, uendeshe na mguu mtupu umeukunja nyuma karibu na kiti. Mguu mtupu una aibu, alisema, hauingilii mambo ya wenzake. Niliendesha hivyo wiki mbili. Idi, ucheke, lakini hata wewe ukirudi kwenye gari la klachi utaona.

Sasa nifike kwenye swali lako. Ile fimbo ya gia ilikuwa na herufi zake zote zimepangwa, na mwisho kabisa ilikuwa na 2 na L. Sisi sote tuliamini hizo ni gia za theluji, Wazungu wamejiwekea kwa baridi yao huko kwao, hazituhusu. Mkuu wetu wa magari, ambaye sote tulimwita Chef, aliamini zaidi kuliko sisi. Kabla ya hapo dereva mwenzetu alikuwa akikimbia barabara ya Rumonge na otomatike nyingine, akavuta mpaka L kwa mwendo ule ule. Gari likapiga yowe, sanduku la gia likafa, na kwa sababu ya vikwazo halikupatikana jingine. Lile gari lilioza uani mpaka bata wakatagia mayai ndani yake. Kwa hiyo jipya lilipofika, Chef alikwenda mwenyewe kwenye duka la dawa la shirika, akachukua plasta ya vidonda, akaifunga juu ya 2 na L raundi tatu.

"Ni D," akatuambia. "D na R. Mutu ataondoa iyi plasta, ataondoka nayo."

Basi nikawa napanda na D, na nikifika juu naweka gia huru kama nilivyozoea. Siku ya kwanza ya mvua kubwa, nikishuka peke yangu kuelekea Kinanira, nilisikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikadhani ni majirani wanachoma takataka. Nikakanyaga breki, pedali ikaenda mpaka chini kama mguu unaoingia kwenye tope. Nilikanyaga tena, nikakanyaga tena, nikavuta breki ya mkono, na gari likasimama kwa sababu tu mtu alikuwa amemwaga lundo la mchanga wa kujengea kando ya barabara. Mwenye mchanga akatoka kunitukana. Nilitamani kumbusu.

Sikumwambia Chef. Nilikwenda kwa Fundi Ramazani, nikazunguka maneno, nikasema breki za gari lile ni mbovu. Akazikagua. Akavua kofia, akaiweka juu ya boneti.

"Freni ni nzima," akasema. "Ulishuka na nini?"

Nikainama kukagua upepo wa tairi.

"Saidi, mficha uchi hazai. Ulishuka na nini?"

"Point mort, Fundi, ile gia huru. Naacha inajiendea."

Hakunigombeza. Alisema hajawahi kufungua sanduku la otomatike maisha yake yote, kwa hiyo yeye na mimi tulikuwa wajinga sawa. Lakini gari ni gari, na mtu aliyeandika 2 hakuandika kwa kupamba. Jumapili asubuhi, barabara zikiwa tupu, tulikwenda pale penye mteremko wa Kinanira. Tuliibandua plasta taratibu, tukaihifadhi kwenye paja langu. Fundi akashuka, akasimama kando ya mlango, akaniambia nisiguse pedali yoyote, niache gari litembee naye atatembea nalo.

Kwa D gari lilimwacha kabla hajainua mguu wa pili. Nikasimama, nikarudi nyuma, nikaweka 2. Alikimbia pembeni yangu, kofia mkononi, kanzu ikipepea, akapiga mlango nisimame. Nikaweka L. Injini ikanguruma, gari likajizuia lenyewe, na Fundi Ramazani akatembea kando yangu mikono nyuma kama mtu anayetoka msikitini. Tukafika chini hivyo. Tulicheka mpaka mlinzi wa nyumba moja akafungua lango kutuangalia.

Tukajifunza pia fimbo ndogo, ile ya pembeni inayoyapa magurudumu yote manne nguvu ya taratibu. Andikeni hili ukutani: fimbo ndogo isiguswe mteremkoni bila breki ya mkono kuvutwa, hata kama umeweka P ya kuegesha. Ikipita katikati, magurudumu hayashikwi na kitu chochote, na P yako inakuwa pambo. Na jambo la pili: usiruke kutoka D mpaka L ukiwa mbioni. Punguza mwendo kwanza, weka 2, lisikilize limetulia, ndipo L. Yule mwenzetu wa Rumonge hakukosea gia, alikosea wakati.

"Na gari ikiteleza?" nikamuuliza Fundi.

"Usiikamate. Isindikize. Mupe mafuta kidogo sana, magurudumu izunguke, itarudi njiani."

"Nimupe mafuta wakati naanguka?"

"Ndiyo maana nasema ni kazi yako."

Tuliirudisha plasta vizuri, raundi tatu, na Chef hakujua.

Wiki mbili hazikupita. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na saa nne asubuhi redio ya ofisi ikaita kutoka kituo cha juu kabisa. Mwanamke mmoja, Konsolata, alikuwa na uchungu tangu jana, na mtoto amelala kwa kukingama tumboni. Pale kituoni hakuna wa kupasua. Asipofika hospitali ya mjini, wote wawili watakufa. Kizuizi cha askari kilichokuwa chini ya kilima kilifungwa saa kumi kila siku, na kikifungwa hakifunguliwi kwa mtu yeyote mpaka asubuhi. Mama Noela aliingia garini kabla sijapata funguo.

Kupanda kulitula muda wa saa nne, maana njia ilikuwa uji. Tulimkuta Konsolata kwenye machela, midomo imekauka, anamshika mumewe mkono. Mume aliitwa Nestori, mkulima kijana, mwembamba. Tulimlaza nyuma, Mama Noela akapiga magoti kando yake. Ilikuwa saa nane na nusu.

Pale njia inapoanza kushuka nilisimama, nikavuta breki ya mkono. Mbele yangu sikuona njia, niliona maji mekundu tu yanayotembea, na ukingo umejificha chini yake. Nestori akaona ninachokiona. Alishuka na jembe.

"Mi najua njia," akasema. "Mi natembea mbele. We fuata miguu yangu."

"Ukianguka?"

"We fuata tu, muzehe."

Niwaambie ukweli. Niliogopa siku ile kuliko siku zote za vita, na nilikuwa nimekwisha kusikia risasi zikipita juu ya paa la gari. Risasi hukuuliza kitu? Haikuulizi. Lakini hapa nyuma yangu alikuwa mwanamke na mtoto wake, mbele yangu mume wake yuko hatua sita tu kutoka bampa, na gari likiponyoka lingeanza na yeye kabla halijawaua waliobaki. Nikaanza kuibandua plasta kwa kucha, haikutoka, nikainama nikaing'ata kwa meno.

"Papa Saidi," Mama Noela akasema kutoka nyuma, "Chef alikataza."

"Chef haiko humu, mama."

Fimbo ndogo. Kisha L. Nikaachia breki ya mkono, nikatoa mguu kwenye pedali, nikaurudisha nyuma kabisa nisije nikakanyaga kitu kwa hofu. Injini ikanguruma, ikalishika gari, tukaanza kwenda kwa mwendo wa mtu anayepima njia kwa mpini wa jembe. Nestori hakugeuka. Alichoma udongo kushoto, akachoma kulia, akapiga hatua, akachoma tena. Nyuma nilimsikia Konsolata akilia sasa, sauti ndogo, na Mama Noela akimwambia kwa Kirundi apumue, apumue.

Kwenye kona ya pili tako la gari likaanza kwenda upande wa shimo. Nililisikia kiunoni kabla sijaliona. Mguu wangu wa kulia ukaruka wenyewe kuelekea breki. Mashoferi wote mliowahi kuteleza mnaujua mguu huo. Ndio unaoua watu. Nikauzuia. Nikaupeleka kwenye pedali ya mafuta, nikamwelekea Nestori, nikagusa.

Ndiyo, nililisukuma gari kumfuata mtu ambaye mke wake alikuwa ndani yake. Hatua sita zikawa nne, zikawa tatu. Magurudumu yakazunguka, yakauma, tako likarudi njiani, nikaachia mafuta na injini ikalishika gari tena. Nestori bado hajageuka. Nilikuwa nimelowa jasho mpaka kwenye soksi.

Tulifika kwenye kizuizi bado dakika kumi saa kumi itimie. Askari alichungulia ndani, akamwona Konsolata, akainua mti. Nestori alikuwa ameacha kitambulisho nyumbani, wakamzuia. Alipiga paa la gari kwa kiganja mara mbili, akakaa chini kwenye tope pale pale. Kutoka hapo ni lami. Niliweka D, nikawa mtu mwingine.

Hospitalini walimkimbiza ndani. Mimi nilibaki kwenye usukani. Nikafungua mlango, nikauacha wazi. Chef akaja kwa pikipiki, maana redio ilikuwa imemwambia yote. Hakuniuliza habari za mgonjwa. Aliingiza kichwa, akatazama gia, akaona vipande vya plasta sakafuni vyenye alama za meno. Akaokota kimoja.

"Bwati ya vitesi iko je?" akauliza, yaani sanduku la gia.

"Nzima, Chef."

"Ulishuka na iyo L? Njia nzima?"

"Njia nzima."

"Na freni?"

"Shika gurudumu."

Akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye rimu. Ilikuwa baridi. Akaweka tena, upande wa pili. Hapo ndipo Mama Noela alipotoka, kilemba kimeanguka begani, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, "Bote wawili! Bote wawili! Mutoto ni musichana, analia kama mwenye deni!" Nikaanza kulia, na sioni aibu kuiandika. Mama Noela akanifuta uso kwa kilemba chake, akasema ni mimi nimelia kuliko mzazi. Chef alibaki amechuchumaa. Mwishowe akasema nitawafundisha wenzangu, Jumatatu, wote, na kwamba habari ya nani alifunga plasta haina faida kwa mtu yeyote. Ndivyo tulivyokubaliana, na nimeitunza siri hiyo mpaka daftari hili.

Asubuhi iliyofuata nilipeleka sabuni na nguo za mtoto alizotoa mke wangu. Nestori alikuwa ameshafika. Kizuizi kilipofunguliwa alikuja kwa miguu, bado ana tope mpaka magotini, jembe ameliegemeza kwenye ukuta wa wodi. Aliponiona alisimama, akanishika mikono yote miwili kwa namna yao ya kule. Nikaona afadhali niseme mwenyewe. Nilimwambia kwamba pale kwenye kona ya pili gari lilitaka kwenda, nami nikalipa mafuta kumwelekea, na kwamba nilikaribia kumgonga, anisamehe, hakuwa anajua.

"Nilijua," akasema. "Nilisikia moteri imebadilika, imekuja karibu."

"Na hukuruka pembeni?"

"Ningeruka, ungefuata miguu ya nani?"

Akanivuta ndani, akachukua mtoto kwa mama yake, akanipa nimshike.